Bati la Alumini Linatoboka

SWALI: Shikamoo mzee. Nina gereji ndogo ya mabodi hapa Morogoro. Mteja wangu mwenye mkate anataka boksi la alumini kwenye Canter yake, gari liwe jepesi. Nimejaribu kuchomelea bati la milimita moja kwa vijiti vya alumini na mashine yangu ya kawaida, linatoboka tu. Na je, kweli uzito utabaki theluthi moja?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na uzito, maana hapo ndipo wateja wanapodanganywa. Ni kweli sentimita ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7 na ya chuma 7.85. Lakini alumini hupinda kirahisi mara tatu zaidi. Ukitaka ubavu usicheze kuliko ule wa chuma cha milimita 1, weka bati la 1.5. Hapo utapunguza karibu nusu. Mwambie mteja nusu, tena ya mabati tu. Chesisi haipungui hata kilo.

Kutoboka kunatokana na utando wa oksidi, ile ngozi ngumu inayojitengeneza alumini inapogusana na hewa. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, utando wake zaidi ya 2,000. Unazidisha moto kuuvunja, kumbe chini bati limeshakuwa uji. Tena haliwi jekundu kwanza, kwa hiyo jicho ulilozoesha kwenye chuma halikusaidii. Kazi hiyo inataka TIG, yaani mashine ya kuchomelea kwa ncha ya tangsteni, ya umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo), gesi ya argoni ya kukinga hewa, na brashi ya stenlesi isiyowahi kugusa chuma. Vijiti viachie vipande vinene.

Ila ingekuwa mimi, TIG ningeitumia kwenye fremu tu, kwenye pembe zenye unene. Mabati ningeyapiga ribiti na gundi ya bodi, kwa sababu moto hulegeza alumini iliyokomazwa, na bati jembamba hujikunja. Ford walipoipa pikapu yao F-150 ya 2015 bodi ya alumini, waliishika kwa ribiti na gundi, na hao hawakukosa pesa za mashine!

Halafu tafuta Land Rover ya zamani uichunguze. Tangu 1948 mabati yake mengi ni alumini, kwa kuwa Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao. Pale alumini inapogusana na chuma utakuta unga mweupe na bati limeliwa. Kwa hiyo kati ya boksi na chesisi weka mpira, na kila bolti ivalishe washa ya plastiki kabla hujaikaza.