Vanishing Vision: nyimbo zipo, rekodi ndo haijazibeba

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni kijana wa Ngamiani hapahapa Tanga, napiga gita la solo na wenzangu watatu, roki. Niliwajua X Japan, ile bendi ya roki ya Kijapani, kupitia albamu yao Blue Blood nikaipenda mpaka basi, sasa nimerudi nyuma kwenye albamu ya kabla yake, Vanishing Vision, naona kama wamerekodi ndani ya pipa. Mpiga dramu wetu anasema hiyo ndo kali kuliko zote, tumebishana wiki nzima. Nani yuko sahihi? Afu nyimbo zetu mbili za kwanza tumeandika kwa Kiingereza, mwimbaji wetu anasema roki haiimbiki kwa Kiswahili. Mwezi ujao tunaingia studio.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenifanya niisikilize tena albamu yote jana jioni, nilienda nayo Raskazone na spika za masikioni nikakaa mpaka giza likaingia, kwa hiyo nakujibu ikiwa bado iko kichwani.

Kwanza ujue Vanishing Vision ilitoka lini na katika hali gani. Ni Aprili 14, 1988, bendi ikiitwa X tu, hilo la Japan waliliongeza 1992. Yoshiki wa dramu na Toshi mwimbaji walianzisha bendi 1982 lakini wapiga gita hide na Pata waliingia 1987, yaani hawa watano unaowasikia, pamoja na Taiji wa besi, walikuwa hawajakaa pamoja sana, na albamu wakaitoa wenyewe kupitia Extasy Records, lebo ya Yoshiki mwenyewe. Blue Blood imekuja Aprili 21, 1989, mwaka mmoja na wiki moja baadaye, safari hiyo wako kampuni kubwa ya rekodi, CBS/Sony. Kwa hiyo hilo pipa unalolisikia lipo kweli, masikio yako hayajakudanganya. Ukipandisha sauti kwenye Vanishing Love matoazi yanachachatika kama mihogo inatiwa kwenye mafuta ya moto, magita mawili yanagombania nafasi ileile moja, na miguu ya Yoshiki inakimbia huko chini lakini unachosikia ni mtikisiko tu, huwezi kuhesabu mapigo. Hilo ni kosa na mi sitalitetea. Wazee wetu wa kikundi cha Black Star hapa Tanga walichukua taarab iliyokuwa ya vyombo vingi wakaibakiza na gita, besi, kinanda na ngoma, ndo maana hadi leo ukiweka wimbo wa bi Shakila kila chombo unakinyooshea kidole. X walijaza kila kitu kwa pamoja na hawakuwa na miksi, yaani ule usawazishaji wa sauti za vyombo, ya kukibeba.

Ila mpiga dramu wako naye ana hoja. Sikiliza gita la besi la Taiji, hasa Give Me the Pleasure ambayo yeye na hide ndo wameitunga, anachapa nyuzi mpaka unahisi chuma kinagonga mbao, kwangu mi hapo ndo pazuri kuliko pote kwenye albamu. Na Alive inaanza na piano ya Beethoven, mtunzi wa zamani wa muziki wa klasiki wa Ulaya, ile sonata ya mbalamwezi, polepole kabisa, afu bendi inaingia. Watu wa roki ya kasi 1988 wanathubutu hivo kwa hela zao wenyewe! Blue Blood wakaja kufanya jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi kwenye Rose of Pain, safari hiyo wakamchukua Bach, mtunzi mwingine wa klasiki, lakini mbegu ilipandwa huku. I'll Kill You mi naiacha ipite, ni wimbo wao wa 1985 na unasikika ni wa watoto, kelele nyingi na maneno hayana kitu.

Sasa la Kiingereza, na hapa nataka mwimbaji wenu akae karibu. Wimbo wa Kurenai upo kwenye albamu zote mbili. Wimbo ni uleule, mtunzi ni yuleyule Yoshiki, mwimbaji Toshi. Kwenye Vanishing Vision kaimba Kiingereza na unamsikia anavuta kila neno kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima, sauti anayo lakini akifika juu anaogopa kuiachia kwa sababu nusu ya akili iko kwenye kutamka. Kwenye Blue Blood Kiingereza kimebaki hasa pale mwanzoni panapoenda taratibu, dramu zikishaingia anahamia Kijapani, na lile neno kurenai, wekundu uliokolea, analirusha mpaka nywele zinasimama. Miksi imesaidia ndio, lakini miksi haiwezi kumpa mtu ile pumzi. Kafunguliwa na lugha yake. Mi Kijapani sijui na wimbo unanishika koo kila mara.

Kwa hiyo mwambie mwimbaji wenu achukue mmoja kati ya hizo nyimbo zenu mbili auandike upya kwa Kiswahili kabla ya mwezi ujao, sio tafsiri, aandike upya kabisa, maana silabi zetu nyingi zinaisha na irabu kama za Wajapani na irabu ndo mwimbaji anapoegemea akipanda juu. Mkiwa studio mwombeni fundi awape besi na dramu nafasi kwanza ndo nyie wa gita mfuate, najua we mpiga solo hutapenda.

Na ubishi wenu: aliyeanza na Blue Blood kaanza vizuri, na anayeipenda Vanishing Vision asinyang'anywe. Isikilizeni hiyo Vanishing Vision pamoja hadi mwisho, na ule wimbo wa mwisho ukikatika ghafla msidhani faili limeharibika, unaitwa Un-finished na ndivyo walivyouacha, uliobaki wameumalizia mwishoni mwa Blue Blood.