Mdomo ukifa ganzi, usikimbilie kung'oa jino

Mjomba aling'olewa jino mwanzoni mwa msimu wa korosho, akang'olewa la pili kabla msimu haujaisha, na taya likazidi kuvimba. Kule Newala kila jirani alikuwa na lake: jipu, tambazi, kijicho cha watu. Mimi niliyemchukua nikae naye Mtwara nilidhani ni usaha tu.

Kilichonishtua ni uji. Asubuhi moja ulikuwa unamchuruzika kidevuni naye anaendelea na hadithi zake. "Mjomba, jifute." Akafuta upande usio na kitu. Nikamgusa mdomo wa chini kwa ncha ya kijiko, hakusikia. Ukiona hivyo, usikubali jino la tatu ling'olewe. Ganzi isiyo ya sindano ni dalili kwamba mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mfupa wa taya umeguswa. Omba picha ya taya zima.

Picha yake ilionyesha njia ya mshipa huo imetanuka na mfupa kando yake umelika. Wakakata kinyama cha kupima maabara. Cha kwanza kikaharibika, maana mtu alikitia kwenye maji ya dripu badala ya fomalini, dawa ya kuzuia kinyama kisioze. Wiki tatu zikapotea, mzee akakatwa upya. Siku hizi nauliza kabla ya kisu: chupa hiyo ina nini ndani? Naonekana mjuaji, sawa.

Jibu: saratani ya ala ya mshipa wa fahamu, yaani utando unaoufunika. Ni adimu, na kuanzia ndani ya mfupa ni adimu zaidi. Ikitokea, mara nyingi huwa taya la chini. Kwenye hadubini hufanana na saratani nyingine, kwa hiyo vipande hupakwa rangi maalumu, S100 ikiwemo, nayo wakati mwingine hushika kidogo tu au isishike kabisa. Msiwagombeze watu wa maabara kwa kuchelewa.

Dar, baada ya CT skani ya kifua (huu ugonjwa hupenda mapafu), daktari alimwambia avue shati. Alikuwa anatafuta madoa ya rangi ya chai ya maziwa na vinundu laini, kwa kuwa karibu nusu ya wagonjwa hawa wana nyurofibromatosisi, ugonjwa wa kuota vinundu kwenye mishipa ya fahamu, unaoweza kurithiwa. Mgongoni mwa mjomba alihesabu madoa tisa. Nyumbani tuliyaita alama za kuzaliwa.

Mama, dada yake, anayo pia. Jumatatu napanda naye basi.