Transpoti ilikubali kwenye majaribio, prodakisheni hakuna kitu

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Mmebadilisha masharti ya malipo ya wateja kwenye SAP, programu ya kuendeshea biashara, mfumo wa majaribio ukakubali, mmepeleka prodakisheni, yaani mfumo wa kazi halisi, hayaonekani, na bosi wako hapo Arusha anataka mfungue prodakisheni mwingize kwa mkono ili watu wa mauzo wasikwame. Mimi niko kiwandani huku Moshi, kusukuma transpoti, vile vifurushi vya kuhamisha mabadiliko toka mfumo mmoja kwenda mwingine, ndiyo kazi yangu mwaka wa saba sasa. Kabla hujagusa SCC4, pale pa kufungulia mfumo ubadilishwe kwa mkono, kuna jambo hujatuambia: hayo mabadiliko yaliandikwa kwanza wapi?

Maana ugonjwa huu nimeuona sana. Mabadiliko yanaanzia kwenye mfumo wa kutengenezea, ambako huandikwa kwanza, yanaingia kwenye transpoti, yanakwenda majaribio. Mhasibu anajaribu, anakuta siku 30 badala ya 45. Badala ya kurudi mwanzo, mtu anafungua mfumo wa majaribio anarekebisha palepale. Kila mtu anafurahi, fomu inasainiwa. Lakini transpoti bado ina zile 30, kwa sababu inabeba hali ya kitu ilivyokuwa dakika ile ulipoiachia, yaani ulipoifunga tayari kusafiri, haifuatilii mlichofanya baadaye. Fungua orodha ya vilivyomo ndani ya transpoti yenyewe, linganisha na kinachoonekana majaribio. Kama havifanani, umeshapata jibu.

Kama vinafanana, angalia klayenti, yaani chumba kimoja chenye data zake ndani ya mfumo, hujulikana kwa namba. Mipangilio mingi ya aina hiyo ni mali ya klayenti moja tu, na nimewahi kuona transpoti safi kabisa ikiingizwa 100 wakati watu wote wanafanyia kazi 200. Halafu soma logi, kumbukumbu ya uingizaji, usiishie kuangalia rangi. Msimbo wa matokeo 0 ni safi, 4 ni onyo, 8 kuna kitu kimegoma, 12 mambo yamesimama. Wengi tumezoea kuruka 4 kama tunavyoruka matuta usiku. Isome.

Kingine ni mpangilio wa kuingiza, na hapa nitajianika mwenyewe.

Magari yetu mengi yanavukia Holili kwenda Kenya. Watu wa kutoa mizigo waliomba hati ya mzigo ionyeshe namba ya tela, maana kichwa kina namba yake na tela lina yake. Tukatengeneza transpoti mbili. Ya kwanza, tuiite 412, iliongeza safu ya tela kwenye jedwali, pamoja na marekebisho madogo ya programu ya kuchapa. Ya pili, 418, ilikuwa na programu ileile, sasa ikiisoma ile safu mpya. Ijumaa jioni mkuu wa mauzo akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Mimi kwa haraka nikachagua 418 peke yake kwenye foleni ya transpoti zinazosubiri kuingizwa, nikaingiza. Msimbo 8: programu inatafuta safu ambayo prodakisheni haijawahi kuisikia. Na usidhani ikigoma hivyo ile ya zamani inabaki salama. Ile mpya imeshaingia, mbovu. Kila aliyebonyeza kuchapa alipata skrini ya kosa, na getini malori manne yamewasha injini.

Nikaingiza 412 haraka. Kosa likaondoka, hati zikatoka, nikaenda zangu kula ndizi. Jumatatu naulizwa: mbona tela halipo? 412 ilikuwa na programu ya kabla ya tela, nayo ikaja kuifunika ile mpya. Transpoti haipeleki tofauti tu, inapeleka kitu kizima. Ilibidi niirudishe 418 kwenye foleni na kuiingiza tena kwa kuruhusu marudio. Dakika tatu za kazi, siku tatu za aibu.

Tangu hapo sichagui mojamoja kwenye foleni bila kuuliza nani kagusa nini. Na msifuate ukubwa wa namba: namba hutolewa transpoti inapofunguliwa, foleni hupangwa kwa jinsi zilivyoachiwa. Yenye namba ndogo inaweza kuwa imeachiwa wiki mbili baada ya wenzake. Kwako wewe, tafuta kama kuna transpoti nyingine yenye masharti hayohayo iliyoingia baada ya yenu. Huenda yenu iliingia vizuri kabisa, ikafunikwa.

Kuna vitu pia havipandi basi hili kwa kawaida. Misimbo ya kodi, kwa mfano ile ya VAT asilimia 18, ina njia yake ndani ya FTXP, ukurasa wa misimbo hiyo: unaitoa huku kwa makusudi na kuipokea kule. Na mfululizo wa namba za hati hauingii wenyewe kwenye transpoti, wala usiulazimishe. Ukiifunika namba ya sasa ya ankara kwa ile ya mfumo wa kutengenezea, utaanza kutoa namba zilizokwisha kutumika.

Kuhusu bosi: mwambie ukweli kwamba mkiandika kwa mkono prodakisheni, transpoti yoyote ijayo yenye kitu hicho itawafutia, na itachagua siku ya kufunga mwezi. Viwango vya fedha za kigeni na kufungua miezi ya hesabu ni mambo mengine, hayo hubadilishwa prodakisheni ikiwa imefungwa vilevile. Masharti ya malipo hayamo humo. Rekebisheni kwenye mfumo wa kutengenezea, transpoti mpya, majaribio, kisha prodakisheni. Mkiwa makini yanaisha kabla ya chakula cha mchana.

Weka hapa msimbo uliopata na namba ya klayenti, nitapita tena jioni.