Moto na kiberiti si maneno ya kumtupia marehemu

Dada mmoja wa Kasulu ameniandikia wiki hii. Wamemzika kaka yake, na mhubiri kasimama kaburini akatangaza kwamba marehemu, kwa ulevi wake, sasa yuko kwenye moto na kiberiti. Anauliza afanye nini.

Pole sana, dada yangu. Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Ziwa lilichafuka usiku. Mtumbwi ukaokotwa asubuhi, yeye hayumo. Kwenye matanga mhubiri mgeni akafungua Ufunuo 21:8, akasoma "ziwa liwakalo moto na kiberiti" huku macho kamkazia mama. Mama amekaa mkekani, kanga kaiziba mdomoni, hakuinua uso. Mpaka leo nikiisikia aya ile kifua kinanibana.

Ndiyo maana niliisoma kwa bidii, na namshukuru Mungu, sasa naifundisha vijana kanisani na wanaielewa. Kiberiti hapo si njiti za kuwashia jiko. Ni salfa, madini ya manjano ambayo yakiungua moshi wake unakaba koo. Chanzo ni Mwanzo 19, Sodoma na Gomora, miji iliyonyeshewa moto na kiberiti. Zaburi ya 11 inautaja moto huo, Ezekieli naye, Yesu anaukumbusha katika Luka 17, kisha Ufunuo. Lakini tazama wanaoambiwa: ni watu wanaopumua, wenye nafasi ya kugeuka. Ni onyo. Hakuna aliyepewa aya hizi azisome kama hukumu juu ya jeneza.

Na mbona Ezekieli 16:49 hawaisomi? Pale dhambi ya Sodoma imetajwa wazi: kiburi, shibe, na kutomsaidia maskini na mhitaji. Enyi wahubiri, mkiitaja Sodoma semeni na hilo! Jiulizeni mjane wa huyo mnayemchoma moto amekula nini jana. Acheni kushika funguo ambazo hamkukabidhiwa.

Dada, usibishane naye msibani. Matanga yakiisha, mfuate ukiwa na mzee wa kanisa, Biblia mkononi, umwombe akuonyeshe aya iliyomruhusu. Sema taratibu, usimtukane. Mzee akisita kukusindikiza, nenda na wifi yako, mke wa marehemu. Yeye aanze kusema, na mhubiri amsikilize mpaka amalize.