Mwalimu wa yoga apiteje katikati ya mikeka darasa linapojaa?

Mleta mada ameuliza jinsi mwalimu wa yoga anavyoweza kuzunguka ukumbini, mikeka ikiwa imebanana, bila kumkanyaga mtu wala kumvurugia utulivu. Nimefundisha Nairobi katika kumbi ambazo jioni hujaa hadi mlangoni, na kwa maoni yangu njia ya mwalimu hutengenezwa kabla somo halijaanza, watu wanapotandika mikeka yao.

Mkeka wa kawaida una upana wa sentimita 61 hivi, ilhali mtu mzima anaponyoosha mikono pembeni huhitaji karibu mara tatu ya upana huo. Kwa hiyo huwaomba majirani wapishanishe mikeka kwa nusu ya urefu, kama matofali ukutani, ili mkono wa mmoja upite nyuma ya mgongo wa mwingine. Chupa za maji, simu na miwani huwekwa ukutani, na katikati huacha ujia wa mtu mmoja kupita kiubavu. Anayechelewa hutandika karibu na mlango, hata akiwa rafiki yangu.

Mkeka wa mtu haukanyagwi, kwa sababu ndipo anapoweka uso wake. Ninatembea peku, maana soksi huteleza kwenye jasho, na suruali yangu huwa ya kubana miguuni ili upindo wake usimpanguse usoni aliyelala chini.

Kabla hujaingia kati ya safu, kumbuka agizo ulilolitoa sasa hivi. Ukishawaambia wainue mguu mmoja nyuma, au warushe miguu juu wasimame kwa mikono, usipite nyuma yao, kwani kisigino hakina macho. Mimi hupita wakati wa mkao wa mbwa anayeinamisha kichwa, ambapo viganja na nyayo zimetulia sakafuni kwa pumzi kadhaa, na husema mapema kwamba ninakuja upande gani, kwa kuwa aliyeinamisha kichwa huona nyayo tu, na nyayo zinazotokea ghafla humshtua.

Kumrekebisha mtu ni suala jingine. Ruhusa ya kugusa huombwa mwanzoni, kila mtu akiwa amefumba macho ili anayekataa asionekane na wenzake. Wapo pia walimu wanaotumia kadi ndogo ambayo mwanafunzi huigeuza kwenye mkeka wake kuonyesha kama anakubali kuguswa. Hata ukipewa ruhusa, tazama nyuma yako kwanza: mwalimu anayeinama kumsaidia mmoja huweza kumwekea jirani makalio usoni, jambo ambalo hakuna mantra (maneno yanayorudiwarudiwa wakati wa kutafakari) inayoweza kulirekebisha. Chuchumaa badala ya kuinama.

Katika savasana, wakati watu wamelala chali, maliza kugawa mablanketi mapema, kisha kaa chini. Kwenye sakafu ya mbao kishindo cha kisigino husikika hadi kwenye fuvu la aliyelala.

Katika mikusanyiko ya Siku ya Kimataifa ya Yoga, inayoadhimishwa kila Juni 21 tangu 2015, mwalimu hawezi kumfikia kila mtu uwanjani, na sioni kuwa hiyo ni hasara. Hata ukumbini kwangu, ujia ukishamezwa na mikeka, siendi popote: husimama mahali ambapo safu ya nyuma inaniona, nikawaelekeza wote kwa maneno, bila kumtaja mtu jina.