Injini ya Hilux Inagonga Asubuhi

SWALI: Pikapu yangu ni Hilux ya mwaka 1986, injini ya petroli ya 22R. Nikiiwasha asubuhi hugonga upande wa mbele kwa sekunde chache, kisha hunyamaza. Fundi anasema beringi za kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) zimekwisha. Je, nikubali injini ifunguliwe yote?

JIBU: Ndugu msomaji, usikubali bado. Beringi za kranki zilizolika hugonga kwa mlio mzito unaotoka chini, nao huzidi gari linapobeba mzigo na oili ikiwa imepata moto na kuwa nyepesi. Dalili ulizoeleza zinaelekea zaidi kwenye cheni ya taiming, yaani mnyororo wa mbele ya injini unaotoka kwenye kranki kwenda kuendesha valvu. Kikaza cheni cha injini hii husukumwa na presha ya oili, kwa hiyo kabla presha haijafika cheni hubaki imelegea, na vile vipande vya plastiki vinavyoiongoza vikishapasuka kwa uzee, cheni hupiga kava la mbele linaloifunika.

Mwombe fundi afungue kifuniko cha tapeti na kumulika kwa tochi sehemu ya mbele, kazi isiyozidi saa moja. Pima pia oili: ikiwa na rangi ya maziwa, huenda cheni imekwisha kutoboa kava na maji ya rejeta yanaingia ndani, na hapo nakusihi usiliwashe tena gari.

Badilisha cheni, gia zake, kikaza na vile vipande vya kuiongoza kwa pamoja, ukichagua vipande vyenye mgongo wa chuma. Sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, nayo ishushwe, kwa kuwa mabaki ya plastiki huziba chujio la pampu ya oili.