Mama mkwe anamnyima mume wangu maji

Swali: Shangazi, mume wangu figo zimefeli, mwaka wa pili sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na nadhani Ijumaa au Jumamosi. Mama yake kahamia kwangu, anampimia maji kwa kikombe kama mtoto, mi nikimuongezea kwa huruma ananifokea. Mume nae kawa mkali, hata mkono wake hataki niulalie. Nimejitoa sana, nimechoka, kazini kuna kaka mmoja ndo ananielewa. Nifanyeje?

Jibu: Pole mwanangu, kuuguza kunachosha, hilo sibishi. Ila miaka miwili mumeo anakaa kwenye mashine masaa kama manne kila akienda na we bado "unadhani" ni Ijumaa au Jumamosi? Basi anayempeleka si wewe, na mi namjua ni nani, ni huyo huyo unayemsema.

Wanasema mgonjwa haulizwi uji, lakini wa figo anaulizwa, tena anapimiwa. Mkojo ukishapungua au kukatika, maji anayokunywa yanabaki mwilini mpaka siku ya mashine, miguu inavimba, presha inapanda, yakifika kwenye mapafu anabanwa pumzi usiku wa manane na hiyo huruma yako sijui itamfaa nini. Kiu inamtesa kweli, mpe asukutue mdomo, au kipande kidogo cha barafu anyonye, nacho kihesabiwe humo humo kwenye kikombe cha mama.

Na mkono! Nilicheka halafu nikasikitika. Kama ndo ule waliomuunganishia mishipa kwa ajili ya mashine basi haulaliwi, haupimwi presha, haubebi mzigo, damu ikiganda humo ni kurudi kupasuliwa. We ushajitungia kwamba hakupendi. Ndoa za siku hizi ndo zilipofikia, mtu anajua mwenzie kaingia mtandaoni saa ngapi ila dawa anazomeza hazijui hata rangi, kuuliza hataki, anaandikia shangazi (haya, na mimi ningekosa kazi). Hata huo ukali, mtu akitoka kule anarudi hoi, muache alale kwanza.

Wiki hii siku moja nenda nae wewe, kaa masaa yote, muulize nesi kwa siku anaruhusiwa maji kiasi gani. Mama mkwe mwambie abaki nyumbani alale, maana aliyechoka ni yeye. Huyo kaka wa kazini sijakuuliza, umemtaja mwenyewe.